Mahakama ya China inamzuiaje mtu asishitaki India?

Mkuu uliyeuliza mahakama ya Wuhan inapata wapi ubavu wa kuiamrisha mahakama ya Delhi: haiiamrishi. Inamwamrisha mwenye kesi. Nafanya kazi upande wa nyaraka kwenye ofisi ya mawakili wa hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) hapa Munich, Ujerumani, na amri za namna hii nimezishika mkononi. Anayeamrishwa ndani yake ni kampuni, kisha inafuata faini. Majaji wa nchi nyingine hawaguswi, lakini kesi yao inabaki haina mlalamikaji.

Chukua InterDigital ya Marekani, yenye hataza, na Xiaomi ya China, inayouza simu. Xiaomi iliomba Wuhan ipange mrabaha (malipo ya kutumia hataza) wa dunia nzima kwa hataza za simu za 3G na 4G. InterDigital ikaenda kushitaki Delhi, Julai 2020. Tarehe 23 Septemba Wuhan ikatoa zuio bila kuisikiliza InterDigital: isimamishe kesi ya Delhi na isifungue nyingine kwingineko, ikikaidi ilipe hadi yuan milioni 1 kwa siku. Oktoba 9 Delhi nayo ikatoa zuio la kuzuia zuio, yaani Xiaomi isilitekeleze lile la Wuhan, na Mei 2021 ikalithibitisha: InterDigital ikitozwa faini Wuhan, Xiaomi ifidie.

Wengi humu mnailaumu China peke yake. Mimi nakataa. Hataza ya Ujerumani mwisho wake ni mpaka wa Ujerumani, lakini mahakama ya London mwaka 2017, kesi ya Unwired Planet na Huawei, ilipanga bei ya leseni ya dunia nzima, na Agosti 2020 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikabariki. Ukishakubali kwamba jaji mmoja apange bei ya dunia, kila upande utakimbilia kwa jaji anayemfaa. Tofauti si ndogo: katika kesi ya Huawei na Conversant, Mahakama ya Juu ya Watu ya China ilisema viwango vya mrabaha vilivyotumika na mahakama ya Düsseldorf, Ujerumani, vilikuwa mara 18.3 ya vile vya mahakama ya Nanjing, China. Hapo nani atakubali kushitakiwa ugenini?

Ninachopinga kwa nguvu zote ni kumfunga mtu mdomo bila kumsikiliza.

Mahakama ya Munich ilijibu kwa ukali. Februari 2021 ilisema anayeomba zuio hilo, au anayetishia kuliomba, kwa kawaida hahesabiki tena kuwa ana nia ya kuchukua leseni. Maana yake bidhaa zake zinaweza kuondolewa sokoni Ujerumani. Tangu hapo barua zetu za madai zinaambatana na karatasi ya ahadi: mpokeaji asaini kwamba hataomba zuio nje, na muda wa kujibu ni mfupi. Isiporudi, ombi letu limeshachapwa, linapelekwa mahakamani siku hiyohiyo.

Sasa mvutano umehamia Ulaya kwenyewe. Oktoba 2024 Mahakama ya Rufani ya London, kesi ya Panasonic na Xiaomi, ilitamka kwamba mwenye hataza mwenye nia njema angetoa leseni ya muda wakati kesi ya London ikisubiriwa, ilhali Panasonic ilikuwa inaendelea kushitaki Ujerumani. Majaji wa huku hawakulipenda hilo hata kidogo.