Kizio cha nazi na kizio cha fizikia

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma sekondari, naishi Chumbageni, Tanga. Fizikia tunafundishwa kwa Kiingereza, jioni tunajikumbusha kwa Kiswahili. Mimi nasema "vipimo vya msingi" na "vipimo vinavyotokana", mwenzangu anasema "vizio". Bibi akacheka: kwake kizio ni nusu ya nazi. Nani yuko sawa? Na je, pishi si kipimo kinachotokana na kibaba?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Bibi kasema kweli tupu. Nazi ikigongwa kwa mgongo wa panga ikapasuka katikati, kila upande ni kizio. Kimoja kinakunwa, kingine kinangoja zamu yake kando ya mbuzi. Maana hiyo hiyo imo tunaposema kizio cha kaskazini cha dunia. Lakini neno lina maana ya pili: kiasi kilichokubaliwa kiwe cha kulinganishia vingine. Kwa hiyo mwenzako naye yuko sawa.

Nawe hujakosea, ila "kipimo" limebebeshwa mengi mno. Kibaba chenyewe ni kipimo, majibu ya maabara ni kipimo, hata kiasi cha dawa ni kipimo. Chumba kikiwa na urefu wa mita 4, urefu ndio unaopimwa, 4 ni idadi, mita ni kizio. Fizikia inataka hayo matatu yasichanganyike, ndiyo maana mimi nashika "kizio".

Vizio vya msingi ni 7: mita, kilogramu, sekunde, ampea, kelvini, moli na kandela. Hivyo vimechaguliwa viwe mwanzo. Vingine hupatikana kwa kuvizidisha au kuvigawanya hivyo, na hapo "vinavyotokana" naliona limekatika: msikilizaji anabaki kungoja, vinatokana na nini? Sema "vizio vya kuundwa". Kizio cha mwendo ni mita kwa sekunde. Newtoni, kizio cha nguvu, nayo ni ya kuundwa ingawa ina jina lake: kilogramu mara mita, ugawe kwa sekunde ya mraba. Jina lisikudanganye.

Sasa pishi. Vibaba 4 ni pishi 1, kweli, lakini vyote viwili hupima ujazo. Umerudia kibaba kile kile mara nne. Ni kama mita na kilomita, au dhiraa 4 kuwa pima 1. Kizio kimekuwa kikubwa, kinachopimwa hakikubadilika.

Ukitaka cha kuundwa, mwombe Bibi mkeka wake uupime kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Ukipata dhiraa 3 kwa 2, eneo lake ni dhiraa za mraba 6. Dhiraa ndicho kizio ulichoanza nacho, nayo hupima urefu. Dhiraa ya mraba umeiunda wewe kwa kuzidisha, nayo hupima eneo.