Umri peke yake haumzuii mzee kupasuliwa kwa matundu madogo
Ndugu yangu, umeuliza kama baba yako mwenye miaka 79 amezeeka mno kufanyiwa upasuaji wa saratani ya tumbo kwa matundu madogo. Umri peke yake si kizuizi; kinachopimwa ni moyo, mapafu, lishe na nguvu za mwili, kwa mfano kama anapanda ngazi bila kuhema. Majaribio makubwa ya Japani, ambako njia hii ilianza mwaka 1991, na ya Korea Kusini yameonyesha kwamba, saratani ikiwa hatua za mwanzo, wagonjwa waliopasuliwa kwa matundu madogo huishi sawa na waliopasuliwa kwa mkato mrefu. Kwa mzee, naona faida kubwa iko kwenye maumivu: asiyeumia sana hukohoa vizuri, akatoa makohozi, akaketi na kutembea mapema, na hivyo hatari ya nimonia hupungua. Hata hivyo, gesi ya kaboni dioksaidi inayojazwa tumboni wakati wa upasuaji huyabana mapafu kutoka chini na kuuongezea moyo kazi. Pia, tafadhali mtajieni daktari wa usingizi kila dawa baba anayotumia, hasa za kuzuia damu kuganda.