Nyuma ya goli kuna uwanja

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili kabla ya kukaa kujibu. Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, nacheza lakrosi, huu mchezo wetu wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu, kwa ajili ya nini mpaka leo, wakati hakuna anayenilipa na wenzangu wengi wa rika langu walishatundika daluga. Pili, kama wewe, mtu mzima mwenye kazi na mtoto mgongoni, umeshachelewa kuanza. La pili ni jepesi, nitalijibu mwishoni. La kwanza lina maneno.

Kwanza kabisa napenda kudaka. Watazamaji hupenda mabao, na mabao ni matamu kweli, lakini mimi raha yangu iko kwenye ile nukta ambayo mpira unaingia kwenye wavu wa fimbo. Mpira wetu unalingana kwa ukubwa na ule wa tenisi, ila hauna hewa ndani. Ni raba iliyojaa mpaka katikati, uzito wake karibu gramu 145. Ukiukingia fimbo iliyokakamaa unadunda na kukutoka. Inabidi uupokee pembeni ya sikio, na mkono wa juu urudi nyuma kwa kasi ileile ya mpira, mpaka uingie bila kishindo. Papo hapo unaanza kuubembeza: kifundo cha mkono kinakunja na kukunjua, fimbo inapepea karibu na bega, na mpira unatulia ndani huku wewe unakimbia. Katika mchezo wa wanawake wavu wetu tangu zamani ni wa kina kifupi, mpira ukikaa ndani unauona mgongo wake umechomoza juu ya ukingo. Kwa hiyo kinachouzuia usianguke ni mkono wako. Ukisahau kubembeza hatua mbili tu, umeshaupoteza.

Fimbo yangu ya kwanza ilikuwa ya mbao, na wavu wake ulishikiliwa na kanda za ngozi. Ikinyesha, ngozi inalegea na mpira unazama. Ikikauka, inakaza na mpira unaruka. Tulijifunza kuikagua fimbo kwa kidole gumba kabla ya kila mechi na kuzifunga upya zile kanda. Siku hizi natumia fimbo ya plastiki na bado nakagua kwa kidole gumba, na wasichana wa timu yetu wameniiga.

Sasa jambo ambalo nadhani ndilo ulilotaka kulijua. Umesema miguu yangu si ile ya zamani, na ni kweli. Zamani nilikuwa kiungo, napanda na kushuka uwanja mzima. Siku hizi nacheza nyuma ya goli. Kwenye soka mpira ukipita mstari wa goli umetoka, mambo yamekwisha. Kwetu goli limesimama ndani ya uwanja, mraba wa mita 1.83 kila upande, na nyuma yake kuna nafasi kubwa ya kuchezea. Mtu mwenye mpira anaweza kusimama kule nyuma, akatulia, akatazama.

Na kule ndiko umri unakolipa. Nikiwa na mpira nyuma ya goli, kipa wao hana budi anigeukie mimi. Akinigeukia amewapa mgongo washambuliaji wetu wote. Mabeki nao macho yamegawanyika: jicho moja kwangu, jicho moja kwa wanaopenya mbele. Nasubiri. Nikimwona mwenzangu amempiga chenga beki wake na kukata kuelekea goli, namrushia pale fimbo yake itakapokuwa, juu kidogo ya bega, mbele yake hatua moja. Anadaka na kupiga kwa mwendo mmoja, na kipa ndio kwanza anageuka. Pasi ya namna hiyo siitoi kwa sababu nina kasi. Naitoa kwa sababu nimemtazama yule binti mazoezini na najua kwamba akishusha bega la kushoto atakwenda kulia. Nilipokuwa kijana sikuwa na jicho hilo. Nilikuwa na mapafu tu.

Kuna kanuni nyingine ninayoipenda kupita kiasi, na wageni wa mchezo huu hawaisadiki wakiisikia. Mshambuliaji akipiga mpira golini ukakosa na kutoka nje, haupewi timu pinzani moja kwa moja. Unapewa mchezaji aliyekuwa karibu zaidi na pale ulipotokea. Basi mtu aliyesimama vizuri nyuma ya goli anairudishia timu yake mpira bila kugusana na yeyote. Hatua tatu zenye akili, na shambulizi linaanza upya. Vijana hufikiri nina bahati. Mwanangu, naanza kusogea kabla mpira haujaondoka kwenye fimbo ya mpigaji.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema nang'ang'ania ujana, namshangaa. Mchezo huu umeendelea kunipa kazi mpya kila mwili ulipobadilika, na hii ya sasa naiona ndiyo bora kuliko zote. Na makundi ya umri yapo. Lake Placid, jimbo la New York, tangu 1990 watu hukusanyika wakati wa kiangazi kwa mashindano, na wengi wao ni watu wazima wenye kazi zao wanaocheza na wa rika lao. Hakuna msaka vipaji anayewatazama, na wanakwenda.

Vijana wetu siku hizi wanapenda zaidi ule mchezo wa watu 6 kila upande, maana ndio utakaochezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028. Lakrosi ilishindaniwa medali 1904 na 1908, kisha ikatoka, kwa hiyo furaha yao naielewa na nimeishiriki. Lakini mimi bado ni mtu wa uwanja mkubwa. Kwenye watu 6 uwanja ni mita 70 kwa 36, timu ina sekunde 30 tu za kupiga golini, na ukimtoa kipa kila mtu anashambulia na kukaba. Nyuma ya goli hakuna muda wa kutulia na kusubiri mtu apenye. Ni mchezo mzuri wa kutazama, ila ule utulivu ninaouishi mimi haupo.

Nikuambie na hili, kwa kuwa uliuliza kwa ajili ya nini. Wenye mchezo huu ni wenyeji wa Amerika Kaskazini. Kabla William George Beers, daktari wa meno wa Montreal, hajaziandika kanuni mwaka 1867, Wahaudenosaunee na mataifa mengine walikuwa wameucheza kwa karne nyingi. Wahaudenosaunee husema ni zawadi ya Muumba, na mpaka leo huucheza kwa ajili ya mgonjwa, kumwombea nguvu. Mchezo huo wa dawa, wa fimbo za mbao, kwa mila yao ni wa wanaume, nami nauheshimu hapo ulipo. Wetu wa wanawake ulipitia njia nyingine: Louisa Lumsden, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya St Leonards huko Uskoti, aliuona Kanada, na mwaka 1890 wasichana wa shule hiyo wakacheza mechi yao ya kwanza. Mwaka 1926 Rosabelle Sinclair akaupeleka Baltimore, Marekani. Lakini lile la kucheza kwa ajili ya mtu limenikaa moyoni. Kipa wetu alipougua muda mrefu, alikuwa anakuja kukaa pembeni ya uwanja amejifunika blanketi, na kila tukifunga tulikuwa tunamkimbilia yeye kwanza. Hakuna aliyetuagiza. Alipopona alituambia alikuwa anahesabu siku za wiki kwa mechi zetu. Mimi siwezi kuacha kitu kama hicho kwa sababu ya goti linalouma asubuhi.

Utaniuliza nitaacha lini. Nitaacha siku nitakaposhindwa kuufuata mpira kwa macho, maana hapo nitaumia na kuwaumiza wengine. Siku hiyo haijafika.

Sasa wewe. Hujachelewa. Kwenye timu yetu wapo walioshika fimbo kwa mara ya kwanza wakiwa na watoto wa shule. Kinachohitajika mwanzoni ni ukuta imara. Simama hatua chache kutoka ukutani, rusha, daka, rusha, daka, mkono wa kulia juu. Ukishachoka, badilisha, mkono wa kushoto juu. Wa kushoto utakukasirisha. Usiuruke, kwa sababu beki yeyote mwenye akili atakusukumia upande usioujua. Robo saa kwa siku inatosha kabisa. Mtoto akilala, toka nje.

Miwani ya kinga na kinga ya meno nunua zako mwenyewe, zikukae vizuri, na usicheze bila hizo hata mazoezini. Viatu vya njumu ulivyonavyo vinafaa. Fimbo usinunue kwanza. Nina moja nimeifunga wavu mpya, nitakuletea Jumamosi tukianza mazoezi, ila kamba zake usizikaze mpaka nikuone unavyodaka.

Mama yako anayekupenda