Kabari za mbao zinateleza kwenye zege: nizichonge vipi?

SWALI: Nina tela ya ekseli moja, matairi yake yana kipenyo cha sentimita 66. Nimechonga kabari za mbao za nyuzi 45, lakini nikishaifungua tela kwenye gari, tairi linazisukuma juu ya zege kavu. Niongeze ukubwa?

JIBU: Ukubwa hautakusaidia. Kosa liko kwenye mwinuko wa uso na kwenye tako la kabari.

Kabari hushindwa kwa njia mbili: tairi linaipanda, au linaisukuma. Uso ukilala sana, tairi linapanda. Ukisimama sana, nguvu nyingi inakwenda mbele badala ya kukandamiza chini, na kabari inaondoka. Kwa gurudumu linalozunguka huru, kabari ya nyuzi 45 inahitaji msuguano wa 1 kati yake na sakafu, yaani nguvu ya kushika iwe sawa na mkandamizo. Ya nyuzi 35 inahitaji 0.7. Mbao tupu juu ya zege laini haifiki hata hapo. Kupakia mzigo zaidi hakubadilishi kitu, maana msukumo na mkandamizo vinaongezeka pamoja.

Kwa hiyo chonga nyuzi 35, kisha weka mpira chini. Tairi lako litagusa uso kwenye kimo cha kama sentimita 6, kwa hiyo kabari ya kimo cha sentimita 10 inatosha. Tairi la kipenyo cha mita 1 lingegusa kwenye sentimita 9; hilo litengenezee kabari ya sentimita 15. Tela za malori ni habari nyingine kabisa, usizitegemeze kwa mbao za kuchonga nyumbani.

Nunua mbili kwa nne ya mbao ngumu, kavu, isiyo na vifundo, mita 2.2. Kata vipande sita vya sentimita 34, vilale kwa urefu wa mbao. Katika kila kipande, pima sentimita 10 kutoka mwisho wa kushoto kwenye ukingo wa juu, na sentimita 24 kutoka mwisho huohuo kwenye ukingo wa chini, unganisha alama hizo kwa mstari, kata. Mkato mmoja unatoa vipande viwili vinavyofanana, mkia bapa wa sentimita 10 na mteremko wa 14 ukipimwa chini. Gandisha vitatu kwa upana kwa gundi isiyoathiriwa na maji, upate kabari nne za upana wa kama sentimita 15. Usichonge kutoka gogo moja: ufa ukianza kwenye ncha nyembamba unapita moja kwa moja, wakati tabaka tatu zinausimamisha.

Gundi ikikauka, pitisha bolti mbili za milimita 10 kutoka ubavu hadi ubavu, moja sentimita 5 kutoka nyuma na nyingine sentimita 15, zote kimo cha sentimita 3. Zamisha vichwa na nati. Ncha ya mbele ikatwe kidogo, ibaki na unene wa sentimita 1, la sivyo itamegeka.

Sasa mpira, ambao ndio dawa yenyewe. Tafuta mkanda wa konveya (wa kusafirishia mizigo viwandani) wa milimita 8 wenye kitambaa ndani. Kabari mbili zipe tako la mpira tu. Nyingine mbili, mpira uzidi mbele kwa sentimita 20 kama ulimi. Tairi likikaa juu ya ulimi huo, uzito wake wenyewe unaibana kabari. Funga kwa skrubu sita zenye washa pana, upande wa nyuma palipo na mbao nene, vichwa vizame ndani ya mpira. Rangi ipake popote isipokuwa chini na kwenye mteremko.

Kabla ya kufungua tela, laza ndimi upande wa bondeni, sogeza gari taratibu kuelekea huko mpaka matairi ya tela yapande ndimi na kugusa mbao. Zile zisizo na ulimi zibane upande wa pili. Kwenye udongo au nyasi mbichi mpira haushiki. Toboa mkia wima kwa keekee na upigilie nondo ya milimita 12. Tela bado itatikisika ukiingia ndani, kwa sababu springi zinacheza. Hiyo ni kazi ya miguu ya pembeni.

Wakati wa kuondoka, funga tela kwenye gari kwanza, vuta breki ya mkono ya gari. Kabari ikiwa imebanwa, usiipige nyundo. Toa kwanza za upande wa pili, sogeza gari sentimita chache kutoka kwenye kabari hiyo, simamisha tena kwa breki, ndipo uivute kwa kamba iliyofungwa mkiani, ukiwa umesimama pembeni ya gurudumu.