Picha za Hadubini: Kazi Kubwa Iko Chini ya Kamera

Miaka kadhaa iliyopita nilikusanya michoro ya wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza baada ya somo la seli. Tulikuwa tumebandua ngozi ya kitunguu, tumeitia iodini, na kila mmoja akapata zamu ya kuchungulia. Wanafunzi walikuwa 54, na hadubini iliyokuwa inaonyesha vizuri ilikuwa moja. Kila aliyeinua kichwa nilimwuliza, "Umeona?" Kila mmoja akanijibu, "Nimeona, mwalimu." Usiku, nikisahihisha, nikakuta madaftari 19 yamechorwa duara lenye ukingo mnene mweusi na weupe katikati. Hicho ni kiputo cha hewa. Watoto walikuwa wamekitazama kiputo wakaamini ndiyo seli, nami sikuwa na njia ya kujua macho yao yalikuwa yametua wapi, kwa sababu hadubini humwonyesha mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Ndipo nikaanza kupiga picha. Nafundisha biolojia katika shule ya upili huku Eastlands, Nairobi, karibu na Jogoo Road, na haya ninayoandika nimeyapata kwenye meza ya maabara ya shule, kwa vifaa ambavyo mwalimu mwenzangu anaweza kuvipata. Walimu wengi wanaoniuliza huanza na swali la kamera ipi wanunue. Ningependa waanze na slaidi na taa. Kamera hupokea tu kile ambacho hadubini imekwisha kutengeneza, na kama kilichofika juu ni ukungu, utapata ukungu wenye megapikseli nyingi.

Hata hivyo, niseme nina nini. Kamera yangu ni ya mtumba, Nikon Coolpix 4500, iliyotoka mwaka 2002. Niliichukua kwa sababu lenzi yake ni ndogo, haichomozi unapovuta picha karibu kwa kuwa kila kitu husogea kwa ndani, na mdomoni ina nyuzi za skrubu za milimita 28 ambapo unaweza kufunga kitu. Kamera ya lenzi ndogo hukaa vizuri juu ya lenzi ya jicho, yaani ile ya juu ya hadubini unayochungulia. Ukibandika pale lenzi kubwa za wapiga picha wa harusi, mara nyingi utapata tundu la mwanga katikati ya giza. Kamera kubwa zinazofunguka lenzi nazo hufaa, ila hizo huvuliwa lenzi na kuunganishwa kwa bomba maalumu. Ziko pia kamera ndogo zinazotumbukizwa kwenye bomba la hadubini, lenye upana wa milimita 23.2 katika hadubini nyingi za shule, kisha zikaunganishwa na kompyuta. Ni rahisi kutumia, lakini sensa yake, yaani sehemu inayopokea mwanga, ni ndogo na nyingi huona kipande cha katikati tu. Simu nayo inafaa, mradi ishikwe na kifaa. Mkono hauwezi.

Kishikio changu kilitengenezwa Kirinyaga Road, kule ambako wengi bado tunaita Grogan, kwa fundi wa kukereza vyuma. Nilimpelekea vipimo nilivyochukua kwa rula. Alikitazama kile kikaratasi akakiweka kando. "Mwalimu, niachie kitu chenyewe nipime." Nikampa lenzi ya jicho na pete ya kichujio inayoingia kwenye zile nyuzi za kamera, akavipima kwa vernia, kile kipimo cha taya za chuma, akakereza bomba fupi la alumini linalovaa lenzi ya jicho bila kucheza. Alikuwa na haki. Kamera ikienda upande kwa milimita moja tu, picha inapata kivuli kama cha mwezi mwandamo ukingoni, na hakuna programu itakayokuondolea kivuli hicho ikakurudishia kilichokuwa chini yake.

Urefu wa bomba hilo tuliupata kwa karatasi. Washa taa ya hadubini, shika karatasi nyeupe juu ya lenzi ya jicho, kisha ipandishe polepole. Utaona duara la mwanga likipungua, likawa nukta kali, halafu likaanza kupanuka tena. Pale lilipokuwa dogo kabisa ndipo mwanga wote unapopita pamoja, na ndipo lenzi ya kamera inapotakiwa kukaa. Jicho lako huenda pale lenyewe bila kuambiwa. Kamera lazima uipeleke. Kisha zima flashi, weka kamera kwenye alama ya mlima ili ilenge mbali kabisa, vuta karibu hadi pete nyeusi iishe pembeni, na kuanzia hapo uisawazishe picha kwa kirungu cha hadubini cha kulengea huku ukitazama kioo cha kamera.

Sasa taa, ambayo ndiyo naipenda kuliko yote. Chini ya meza ya hadubini kuna kondensa, lenzi inayokusanya mwanga na kuupeleka kwenye slaidi, na ndani yake kuna kiwambo kinachofunguka na kufunga kwa kijiti kidogo. Katika shule nyingi nilizotembelea nimekuta kondensa imeteremshwa hadi chini na kiwambo kimefungwa karibu chote, kwa sababu mtu aliona mwanga ni mkali akataka kuupunguza. Mwanga hupunguzwa kwenye kitufe cha taa. Ukiupunguza kwa kiwambo, kingo za seli hupata mistari miwili miwili, na nukta zisizokuwepo huonekana kama zipo. Mimi hufanya hivi: napandisha kondensa karibu na slaidi, nasawazisha picha, natoa lenzi ya jicho na kuchungulia ndani ya bomba tupu. Naona duara la mwanga. Nafunga kiwambo polepole hadi kivuli chake kiingie kidogo na duara libaki kama robo tatu ya upana wake, halafu narudisha lenzi. Mjerumani August Köhler alichapisha mwaka 1893 utaratibu kamili wa kupanga mwanga kwa ajili ya picha za hadubini, na hadi leo maabara hufuata njia yake. Hadubini zetu nyingi hazina kiwambo cha pili anachohitaji, lakini lile la kondensa tunaliweza, nalo pekee lilibadilisha picha zangu kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Kabla ya kupiga, sogeza slaidi hadi mahali patupu, uiambie kamera kwamba huo ndio weupe. La sivyo, iodini yako itatoka rangi ya machungwa leo na kesho kahawia.

Kuhusu slaidi yenyewe sina huruma. Ngozi ya kitunguu iwe safu moja. Ikikunjika, ibandue nyingine, kitunguu bado kipo. Kioo cha kufunikia kishushwe kwa mshazari, ukingo mmoja uguse maji kwanza, kisha ukiteremshe kwa sindano ili hewa ikimbilie upande wa pili. Vile viputo 19 vilitokana na vioo vilivyodondoshwa bapa, na hilo nililijua baada ya picha kunionyesha. Maji ya ziada yanyonye kwa karatasi ya chujio. Angalia pia usije ukaweka vioo viwili vilivyogandana: lenzi ya 40, yaani ile ya chini, karibu na slaidi, inayokuza mara 40, hutengenezwa ikitarajia kioo chenye unene wa milimita 0.17, na ukiuzidisha, picha hufifia hata uzungushe kirungu vipi. Nimewahi kupoteza adhuhuri nzima nikiisafisha lenzi isiyokuwa na kosa lolote.

Halafu kuna mtetemo. Ukikuza mara 400, matatu inayopita barabarani inaonekana kwenye picha. Ondoka kwenye meza ya mbao, hamia kwenye ile ya saruji iliyojengwa ukutani. Mimi nimeweka chini ya hadubini vipande vinne vya tyubu ya gari. Usibonyeze kamera kwa kidole picha ikichukuliwa papo hapo; tumia saa ya kamera ili ibonyeke yenyewe baada ya sekunde chache, mkono ukiwa umeshaondoka.

Mistari ya giza inayokata picha ni jambo jingine. Stima yetu ni ya mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi zinazoitumia hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halitambui, lakini kamera ikifunguka kwa muda mfupi mno inakamata sehemu ya mpepeso. Weka shata, yaani muda wa kamera kufunguka, kwenye sekunde 1/50 au 1/25, mwanga uupunguze kwa kitufe cha taa, na ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, ibaki chini, 100 au 200. Ikiwa taa yako ni ya LED na mistari inazidi unapoipunguza, basi iache kwenye ukali wake wote na uweke kipande cha karatasi nyeupe laini juu ya taa.

Juu ya megapikseli, wacha nikupe hesabu, maana hapa watu hutumia pesa bure. Soma ubavuni mwa lenzi ya 40: imeandikwa 40/0.65. Ile namba ya pili ndiyo inayoamua undani. Ernst Abbe alieleza mwaka 1873 kwamba lenzi haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kupita kiasi fulani, na kiasi hicho hutegemea wimbi la mwanga na namba hiyo. Kwa 0.65 ni kama nusu mikromita. Katika hadubini yangu, duara ninaloliona kwa lenzi hiyo lina upana wa milimita 0.45, yaani mikromita 450, kwa hiyo kuna nukta kama 900 za kutenganishwa kutoka ukingo hadi ukingo. Kila nukta ikipewa pikseli mbili, yaani vile vinukta vinavyojenga picha ya kamera, unahitaji pikseli 1,800 kwa upana. Kamera yangu ya mwaka 2002 ina 2,272. Kwa lenzi ya 100 unahitaji pungufu zaidi. Lenzi ya 4 na ya 10, ambazo tunazidharau, ndizo zinazoweza kunufaika na kamera mpya.

Ukiona doa, usianze kufuta kila kioo. Zungusha lenzi ya jicho: doa likizunguka, liko hapo. Sogeza slaidi: likisogea, liko kwenye slaidi. Likibaki palepale katika yote mawili, tafuta chini kwenye kondensa au ndani ya kamera.

Mafaili yangu nayaita kwa tarehe, sampuli na lenzi. Kwa ndugu zangu wa zahanati wanaotumiana picha za malaria kwenye simu ili kuulizana, jina la mgonjwa lisiingie kwenye jina la faili wala lebo ya slaidi isipigwe picha. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti.

Limebaki jambo moja ambalo nililikosea mwaka mzima. Chini ya kila picha nilikuwa nikiandika "×400", kwa kuwa lenzi ya jicho ni 10 na ya chini ni 40. Niliwagawia wanafunzi karatasi yenye picha ya kitunguu, duara lote likiwa na upana wa sentimita 6. Msichana mmoja wa kidato cha pili akapima seli kwa rula, akapata milimita 40, akagawanya kwa 400, akaja mezani kwangu. "Mwalimu, hapa seli ni milimita 0.1. Lakini wiki jana tulihesabu seli sita kwenye duara la milimita 1.8, tukapata 0.3. Ipi ni kweli?"

Kweli ilikuwa 0.3. Ukuzaji wa 400 ni wa jicho linalochungulia. Picha ikishachapishwa, ina ukuzaji wake: milimita 60 za karatasi kwa milimita 0.45 za slaidi, yaani kama mara 133. Ikirushwa ukutani kwa projekta, ni namba nyingine tena. Huyu mtoto alikuwa anajiandaa kwa mtihani ambapo kanuni ya ukuzaji huulizwa, nami nilikuwa nimempa namba ya uongo akaifanyia hesabu sahihi.

Siku hizi siandiki mara ngapi. Naweka mstari wa kipimo ndani ya picha yenyewe, ili picha ikikuzwa au ikipunguzwa, mstari uende nayo. Niliazima slaidi ya kipimo kutoka maabara ya chuo kimoja: ni milimita moja iliyogawanywa mara 100, kila pengo mikromita 10. Nikaipiga picha kwa kila lenzi, na kitufe cha kuvuta picha nimekibana kwa utepe, kwa kuwa kikisogea hata kidogo kipimo chote kinaharibika. Programu ya bure ya ImageJ, iliyotengenezwa na taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, inakuruhusu kuchora mstari juu ya mapengo hayo, kuiambia ni mikromita ngapi, na kuanzia hapo itaweka kipimo kwenye picha zako zote za lenzi hiyo. Kama huna slaidi ya kipimo, piga picha rula ya plastiki inayopenya mwanga chini ya lenzi ya 4, kisha kokotoa nyingine kwa uwiano. Haitakuwa kamili, ila itatosha kwa kitunguu.

Ninaporusha picha ukutani sasa, mstari mweupe uko pembeni kulia, umeandikwa mikromita 100. Wanafunzi hujipanga mbele na rula ya mita ya ubaoni, wawili wakiishika, wa tatu akisoma.