Kigawo, kigawe na mtego wa MAGAZIJUTO

SWALI: Mwanangu wa darasa la tano huchanganya KKS (Kigawo Kikubwa cha Shirika) na KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika), na mimi mwenyewe nimeshasahau. Tofauti ni nini?

JIBU: Sikiliza irabu ya mwisho. Kiumbe ni kilichoumbwa, mteule ni aliyeteuliwa. Basi kigawe ni kinachogawanywa. Kifuniko hufunika, kizibo huziba, kigawo hugawa. Hivyo 6 ni kigawo cha 12, na 12 ni kigawe cha 6.

Wengi hukwama kwenye neno "kikubwa". Kigawo Kikubwa cha Shirika hakiwezi kuzidi namba ndogo kati ya ulizopewa, na Kigawe Kidogo cha Shirika hakipungui iliyo kubwa. Mtoto akiona "kikubwa" hukimbilia jibu kubwa, hapo ndipo anapokosa.

Chukua 12 na 18. Zivunje kwa namba tasa, yaani zenye vigawo viwili tu, 1 na zenyewe: 12 = 2 × 2 × 3, na 18 = 2 × 3 × 3. Kwa KKS, chukua zinazopatikana pande zote mbili tu: 2 × 3 = 6. Kwa KDS, chukua kila namba tasa pale ilipojirudia zaidi: 2 × 2 × 3 × 3 = 36. Hakiki: 6 × 36 = 216, sawa na 12 × 18. Uhakiki huu ni wa namba mbili tu. Zikiwa tatu usiutegemee.

Kwenye mafumbo, kamba za mita 12 na 18 zikatwe vipande virefu kadiri iwezekanavyo, vyote vilingane, bila kubaki kitu: hiyo ni KKS, mita 6. Kengele zilizolia pamoja, moja ikirudia kila dakika 12 na nyingine kila dakika 18, zitakutana tena lini? KDS, baada ya dakika 36.

SWALI: Kwa MAGAZIJUTO (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa) nimepata 10 − 4 + 3 = 3. Kikokotoo kinasema 9. Nani kakosea?

JIBU: Kikokotoo kiko sahihi. Ulijumlisha 4 na 3 kwanza, ukatoa 7, wakati ile 3 haikuwa ya kutolewa. Kujumlisha na kutoa vina hadhi moja: fuata kushoto kwenda kulia, 10 − 4 = 6, kisha 6 + 3 = 9. Ukipenda kuanza na JU, hamisha namba pamoja na alama iliyo kushoto kwake: 10 + 3 − 4. Ajabu ni kwamba GAZI haina mtego huo. Ukianza na kugawanya, 24 ÷ 6 × 2 inakupa 8, jibu lilelile la kushoto kwenda kulia. Kwa maoni yetu, JUTO ingefundishwa kama neno moja, isikatwe katikati.

SWALI: Je, 1 ni namba tasa?

JIBU: Hapana. Namba tasa ina vigawo viwili kamili, 1 na yenyewe; 1 ina kimoja tu. Na 91, inayowahadaa wengi, si tasa: ni 7 × 13.