Mkia wa kambare wangu unaliwa

SWALI: Shikamoo mzee. Nina tangi la kioo la lita 60 hapa Maweni, Malindi. Mkia wa kambare wangu umechanika, wiki ya pili sasa. Anaishi na perege watatu waliovuliwa Mto Sabaki. Jirani asema nitie konzi ya chumvi. Nitie?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chumvi irudishe jikoni. Kambare hana magamba. Chumvi nyingi na dawa za shaba humdhuru upesi.

Mmulike kwa tochi. Mkia uliokatika safi, kama kwa mkasi, umeng'atwa. Ukiwa na ukingo mweupe unaochakaa, au wekundu shinani, huo ni uozo wa bakteria. Mara nyingi la kwanza huzaa la pili. Mimi nawashuku hao perege, maana wangu mmoja alimguguna mwenzake mpaka pakabaki kigutu. Watoe leo. Na kama umepamba kwa mawe ya matumbawe, kama tupendavyo watu wa pwani, yatoe pia: yanakwaruza.

Badilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili. Ya bomba yana klorini, yaache kwenye ndoo wazi siku nzima. Sponji ya chujio ikamue ndani ya maji ya tangi lenyewe, usije ukaua bakteria wema wanaomaliza amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki. Chakula, kidogo.

Ukiona utando mwembamba angavu pembeni mwa mkia, usishtuke, ndiyo nyama mpya. Weupe ukipanda kuelekea shinani, au akigoma kula, mtenge, umwone daktari wa mifugo akupimie antibiotiki.